Nguo ya Ijumaa: jinsi ya kupendeza bila kuumaliza mshahara

Ijumaa ya kwanza baada ya mshahara, Ruwi hujaa watu. Ukipita jioni pale madukani utadhani Muscat yote ya wafanyakazi imeshuka: Wahindi, Wabangladeshi, Wafilipino, na sisi. Utasikia Kiswahili cha Tanga, cha Mombasa na cha Unguja, na mara nyingine anayekujibu ni Mwomani mwenyewe aliyekizungumza nyumbani kwao tangu utotoni. Tunazunguka, tunapima, tunacheka, tunapiga picha za kutuma nyumbani. Tukirudi, kila mmoja ana mfuko mkononi.

Ndani ya mfuko mna nguo. Gauni la riali tatu, blauzi mbili kwa bei ya moja, fulana za watoto zilizokuwa kwenye ofa. Hakuna kitu cha anasa hapo. Lakini sisi tunaoandaa ukurasa huu tulipokaa na madaftari yetu ya matumizi mwisho wa mwaka, tuliliona tundu linalovuja kuliko tulivyodhani. Siyo simu, siyo chakula. Ni nguo. Tena siyo nguo za ghali, ni zile za rahisi.

Hatuji leo kukwambia uache kupendeza. Mtu anayevaa sare siku sita, nguo ya Ijumaa ni haki yake. Dada anayefanya kazi za ndani, ile ndiyo nguo pekee aliyoichagua mwenyewe wiki nzima. Kaka wa saiti, hiyo ndiyo siku ya kuvua ovaroli na watu wakamwita kwa jina lake. Ukimwambia mtu wa namna hiyo ajinyime nguo, umemwambia ajifute. Hatutaki hivyo.

Tunachosema ni hiki: ihesabu nguo kwa siku utakazoivaa, siyo kwa bei iliyobandikwa. Ukianza kuhesabu hivyo utanunua chache, zitadumu, na bado watu watakutambua kwa mbali kwamba ni wewe.

Hesabu ya riali tatu

Tuchukue mfano. Umenunua gauni la riali 3. Siku ya kwanza limekaa vizuri, kila mtu kalisifu. Ukilifua mara mbili, mshono wa kwapani umeachia. Mara ya tatu limepauka na limelegea shingoni. Umelivaa mara 4, basi. Gawanya: kila ulipolivaa umelipa baisa 750.

Sasa chukua gauni la riali 9, la pamba nzuri, limeshonwa kwa kipimo chako. Unalivaa mara mbili kwa mwezi kwa miaka miwili na nusu. Hizo ni mara 60. Kila ulipolivaa umelipa baisa 150. Sasa tuambie, lipi lilikuwa ghali?

Tuiangalie na kwa mwaka. Mtu anayetoa riali 8 kila mwezi kwa vinguo vya ofa, mwaka ukiisha katoa riali 96. Akijiwekea riali 40 kwa mwaka mzima, yaani nguo nne za maana na kidogo cha fundi, anabaki na riali 56. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola, riali 1 ni kama dola 2.6, kwa hiyo hapo una takriban dola 145. Kila mmoja wetu anajua hizo zingefika wapi nyumbani.

Na utaratibu wetu ni uleule wa siku zote: mshahara ukiingia, pesa ya nyumbani kwanza, akiba ya pili, nguo baadaye. Usiende Ruwi na mshahara mzima kwenye pochi halafu ukategemea roho yako itakuwa na subira.

Gharama isiyoandikwa kwenye lebo

Kuna watu wanalipia nguo rahisi na sisi hatuwaoni. Kumbuka jengo la Rana Plaza, kule Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Tarehe 24 Aprili 2013 lilianguka na kuua zaidi ya watu 1,100. Humo mlikuwa na viwanda vya kushona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yalifungwa, lakini mafundi wa nguo waliamriwa warudi kazini. Kaka zetu walioko kambini wanalala chumba kimoja na Wabangladeshi. Wanaoshona zile fulana za riali moja ni dada zao na mama zao. Mtu aliyewahi kuambiwa "rudi kazini, hakuna tatizo" huku akiliona tatizo kwa macho yake, haihitaji kuelezwa zaidi.

Halafu kuna maji. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba fulana moja ya pamba, kuanzia shambani hadi dukani, hutumia kama lita 2,700. Sisi tuliochota maji kwa ndoo tunaweza kuipima hiyo: ni ndoo 135 za lita ishirini. Fulana hiyo ukiivaa miaka minne, maji yale yamepata kazi. Ukiivaa mara tatu ukaitupa, umemwaga.

Na usidhani poliesta ndiyo nafuu. Poliesta inatokana na mafuta ya petroli, ni ndugu wa plastiki. Ukiifua inatoa vijinyuzi vidogo sana visivyoonekana, vinakwenda na maji machafu. Ukiitupa inakaa ardhini miaka na miaka kama mfuko wa nailoni. Na kwa joto la huku la Julai, muulize aliyewahi kuivaa akisubiri basi saa nane mchana.

Mwisho wa safari wa nguo hizi nao tunaujua. Zinafungwa marobota, zinapelekwa kwetu. Gikomba, Kongowea, Karume, Owino, tumekulia huko. Wenyeji wa Gikomba wana majina yao: zile safi za kuchaguliwa mwanzo huziita kamera, na mabaki ya chini kabisa huyaita fagia. Mfanyabiashara hulinunua robota bila kulifungua. Likijaa nguo zilizoshonwa ili zichakae haraka, fagia inakuwa nyingi kuliko kamera, hasara ni yake, na taka zinabaki mtaani kwetu. Kumbe nguo mbovu inayonunuliwa huku inaweza kuishia kwenye mtaro ule ule tuliouruka tukienda shule.

Mtindo wako uko kwenye simu yako

Watu wengi wananunua sana kwa sababu hawajajua wanapenda nini. Kila kinachong'aa wanakijaribu. Dawa yake ni ya bure.

Fungua picha zako za mwaka uliopita. Angalia zile ulizopiga siku za mapumziko, harusini, sikukuu. Ni nguo gani zinajirudia? Ni rangi gani? Katika picha uliyoipenda mpaka ukaiweka kwenye wasifu wako, ulivaa nini? Huo ndio mtindo wako. Hukuusoma popote, uliuchagua mwenyewe bila kujua.

Tulifanya zoezi hili pamoja jioni moja. Mmoja wetu alikuwa na magauni kumi na saba, na katika picha za mwaka mzima yalionekana manne tu. Yote manne yalikuwa na mikono mirefu na rangi za udongo, kahawia na kijani kibichi. Zile nyekundu na za maua makubwa alizinunua kwa sababu zilimpendeza mwenzake. Kaka mmoja wa kambini alicheka tulipomwambia ahesabu, halafu akakuta picha zake zote nzuri amevaa shati jeupe na kikoi. Tangu siku hiyo hanunui fulana zenye maandishi. Ana mashati matatu meupe na vikoi viwili, na wenzake wanamwita sheha.

Ukishajua, jiwekee rangi tatu zinazosikilizana. Kila kipya kikubali kuvaliwa na angalau vitatu ulivyonavyo. Mtandio mmoja mzuri unabadilisha abaya ile ile mara nne. Kanga doti moja ni vazi, ni mtandio, ni shuka. Wala huhitaji kabati kubwa, maana vyumba vyetu vyenyewe mnavijua.

Kabla ya kutoa pesa

Dukani usiangalie mbele tu. Fanya hivi:

- Igeuze nje ndani. Mshono uwe mnyoofu, nyuzi zisining'inie. Vuta taratibu pande mbili za mshono. Ukiona mwanga unapita, iache.
- Iinue kwenye taa. Ikiwa unauona mkono wako wote upande wa pili, haitamaliza mwaka.
- Ikunje kwa ngumi kwa muda mfupi, halafu iachie. Ikibaki imejikunja kama karatasi, jiulize kama una pasi na una muda.
- Soma lebo ya ndani. Pamba au kitani kwa nguo za joto. Ikiwa ni mchanganyiko, angalia kipi kimezidi.
- Fungua na funga zipu mara tatu. Zipu ikifa, gauni nalo mara nyingi linakufa.
- Kaa, inama, nyanyua mikono. Nguo isiyokuruhusu kunyanyua mikono hutaivaa, utakuwa unaipeleka matembezi tu.

Halafu ondoka. Ndiyo, toka dukani, kanywe chai ya maziwa, zunguka. Kama baada ya saa moja bado unaikumbuka, rudi. Ukinunua kwa simu, iweke kwenye kikapu ulale nayo usiku mmoja. Ofa ya "imebaki dakika kumi" kesho utaikuta tena.

Fundi ni rafiki wa akiba

Ruwi, na kule Deira na Satwa kwa wenzetu wa Dubai, mafundi cherehani wapo tele. Kupunguza kiuno, kukata urefu, kubadilisha zipu, ni kazi ndogo kwao. Uliza bei kabla hujaacha nguo, na uliza tarehe. Ukiwa na gauni moja linalokukaa vizuri, mpelekee kama kipimo pamoja na kitambaa chako; akilinakili utapata la pili bila kubahatisha.

Ukishona, omba vitu viwili: nafasi ya inchi moja kwenye mshono wa ubavuni, na pindo pana chini. Mwili unabadilika. Nguo yenye akiba ndani inafunguliwa, nguo iliyokatwa kwa ubahili inagawiwa.

Na wewe mwenyewe uwe na kifuko chako: sindano mbili, uzi mweusi na mweupe, vifungo vichache, mkasi mdogo. Kifungo kikilegea kishone jioni hiyo hiyo. Tundu likiwa la sindano lizibe kabla halijawa la kidole. Tulifundishwa haya shuleni na kwa bibi zetu, tumeyasahau tu kwa sababu ya ofa.

Kwa kaka zetu wa ujenzi, neno moja pembeni: buti za usalama, kofia ngumu na vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri. Usianze kutoa mshahara wako kununua buti kabla hujauliza. Pesa yako ya nguo ni ya Ijumaa.

Nguo za kupewa, na tahadhari yake

Wengi wetu tunapewa nguo na mama wa nyumba. Watoto wamekua, au yeye kabadilisha kabati. Hii ni bahati nzuri: kitambaa kizuri, hakijachakaa, na hakuna kipya kilichotengenezwa. Chukua, mpelekee fundi, kifanye kiwe chako. Badilisha vifungo, punguza mikono, ongeza ukosi. Hakuna atakayejua kilianzia wapi.

Lakini sikiliza kwa makini, dada. Kitu ulichopewa kwa mdomo kinaweza kukuletea neno siku ya kuondoka. Mahusiano yakiharibika, au mtu mwingine wa nyumba akikikuta begini mwako, utaulizwa umekipata wapi. Kuna wenzetu wamewahi kusimamishwa mlangoni na sanduku likapekuliwa kwa ajili ya abaya waliyopewa kwa mapenzi. Kwa hiyo, ukipewa, mwombe kwa adabu: "Mama, naomba uniandikie kwenye simu kwamba umenipa hizi, nizihifadhi kwa safari." Ujumbe mfupi wa simu unatosha, na picha ya nguo zenyewe chini yake. Anayetoa kwa moyo safi hakasiriki. Ujumbe huo utume na kwa ndugu yako nyumbani, usibaki kwenye simu moja.

Wenzetu mlioko Uingereza na Marekani, nyie mna maduka ya hisani kila mtaa. Nguo nyingi zisizouzwa pale ndizo zinazofungwa marobota na kuja kwetu. Kwa hiyo mnaweza kuchagua kamera kabla robota halijafungwa. Koti la baridi, hasa, msinunue jipya mwaka wa kwanza. La mkono wa pili lililo zima litakuvusha, na mwakani utakuwa umeshajua baridi yenyewe inataka nini.

Sanduku la kurudi nyumbani

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Nguo nyingi tunazonunua huku siyo zetu. Ni za kupeleka. Mtu anakusanya mwaka mzima: magauni ya mashangazi, mashati ya wajomba, viatu vya watoto wa jirani. Nyumbani wanajua unatoka Arabuni, na aibu ya kufika mikono mitupu tunaijua wote.

Mmoja wetu alirudi baada ya miaka miwili na mabegi mawili yaliyojaa. Uwanja wa ndege yalizidi kilo, akalipia ziada pesa iliyokaribia bei ya nguo zenyewe. Nyumbani kulikuwa na vifijo. Baada ya miezi mitatu mama yake alikuwa akidekia sakafu kwa fulana zile, na suruali za watoto zilikuwa zimepasuka magotini. Hakuna aliyemlaumu. Lakini alikaa akahesabu: nguo, ziada ya mzigo, teksi ya gari kubwa. Ilikuwa ada ya mtoto ya mwaka, imekuja kama fulana, imeondoka kama dekio.

Safari ya pili alifanya tofauti. Miezi miwili kabla, alituma pesa kwa dada yake na maelekezo: watoto wanne wapelekwe kwa fundi wa mtaani, wapimwe, washonewe nguo za Idi kwa kitambaa cha pamba, pindo inchi tatu ili zishushwe mwakani. Mashangazi, kila mmoja doti ya kanga, jina la kanga alichague mwenyewe. Yeye alibeba vitu vidogo tu: ubani, udi, kofia mbili za kushonwa kwa mkono za wajomba. Begi moja. Fundi wa mtaani alipata kazi, muuza kanga alipata kazi, na watoto walivaa nguo zinazowakaa.

Alituambia alihofia watu watasema. Shangazi mmoja alisema kweli, "Safari hii hukuleta kitu." Akamjibu, "Shangazi, nimekuleteeni kabla sijaja." Wakacheka, yakaisha. Hatukudanganyi kwamba yataisha hivyo kwa kila mtu. Lakini maneno ya shangazi yana mwisho, ada ya shule haina.

Kuitunza uliyonayo

Nguo mpya ya rangi iloweke peke yake mara ya kwanza uone kama inachuja. Fua kwa maji baridi, igeuze nje ndani. Usiikamue kwa kuisokota, ibonyeze. Ianike kivulini, maana jua la huku linapausha rangi kwa wiki chache. Nguo za kufuma zilaze, usizitundike. Abaya nyeusi ifue na nyeusi wenzake tu. Nguo uliyoivaa saa mbili kwenda dukani haihitaji kufuliwa, ipepee dirishani.

Ikichakaa kabisa, fanya kama zilivyofanyiwa kanga za mama zetu. Kanga ilianza kuwa vazi la kutokea, ikawa ya nyumbani, ikambeba mtoto, ikakatwa nepi, ikamalizia kuwa dekio. Hakuna aliyefundishwa kutunza mazingira kwa semina. Kitambaa kilikuwa na kazi mpaka uzi wa mwisho.

Kwa Ijumaa ijayo tunakupa kazi moja. Kabla ya kutoka, fungua picha zako, hesabu nguo zinazojirudia, na uandike kitu kimoja unachokikosa. Kimoja. Nenda nacho kichwani, na riali ulizozipanga tu. Usipokipata, kunywa chai na wenzako, piga picha ukiwa umevaa ile unayoipenda, rudi. Halafu tuandikie mwisho wa mwezi kiasi ulichobakiza na ulikipeleka wapi.